Daftari la Breki

Tulimwita Karani, ingawa hakuwa karani. Alikuwa dereva wa lori la soda, na aliendesha malori miaka ishirini na miwili kabla hajaambiwa mbele ya watu kwamba hajali uhai wa wenzake. Miaka tisa kati ya hiyo nilikuwa utingo wake. Nilikaa kiti cha pembeni, nikapakua kreti, nikamwelekeza akirudi nyuma kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa kujibana. Kama kuna mtu anayejua yule mama alivyoendesha, ni mimi. Nayasema hapa kwa sababu mahakamani niliambiwa nijibu nilichoulizwa tu.

Udereva alijifunzia kwenye trekta la baba yake mdogo, akiwa msichana. Baadaye akaendesha lori la mchanga. Mume wake alipofariki, akaja kwenye bohari letu la soda kuomba kazi, akiwa na mabinti wawili na mama mzazi aliyekwisha kupoteza macho. Siku hiyo madereva walijipanga ukutani kumwona akirudi nyuma, kila mmoja na mzaha wake mdomoni. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akaliingiza lori katikati ya mengine mawili, nafasi ya kiganja huku na kiganja kule. Kisha akavaa viatu, akashuka, akauliza choo kiko wapi.

Miaka yote aliendesha pekupeku. Nilimuuliza sababu.

"Kiatu kiziwi," akasema. "Mguu mtupu unasikia breki inavyoongea."

Jina la Karani lilitokana na daftari. Kwenye dirisha la ofisi ya kutolea magari kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kulining'inia daftari la jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi. Kila asubuhi, dereva anayetoa gari alitakiwa kulikagua na kuandika: tairi, maji, taa, honi, breki. Madereva wenzake walilijaza wakiwa na kikombe cha chai mkono wa pili. Mmoja wao, tuliyemwita Moto kwa mwendo wake, alikuwa akiandika "sawa" juu ya ukurasa halafu anavuta mstari mmoja mpaka chini. Karani alichuchumaa. Aligonga tairi kwa fimbo, akachungulia uvunguni, akakanyaga breki mara nne tano huku ameinamisha kichwa. Halafu akaandika sentensi nzima, kwa mwandiko wa mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. Hata wipa ikilia, aliandika. Na chini ya kila ukurasa Meneja alitia sahihi na neno moja: Nimeona.

"Karani," Moto humtania, "leo umemwandikia nani barua?"

"Nawaandikia watakaokuja kukuchimbua wewe kwenye mtaro," anajibu bila kuinua kichwa.

Basi mwaka jana, mvua zilipoisha, breki za lori letu zikaanza kuzama. Ukikanyaga, mguu unakwenda mbali kuliko jana. Fundi wa bohari akalala chini ya gari, akatoka, akasema kifaa kimoja kimechoka na dawa yake ni kukibadilisha. Karani akaandika hivyo. Meneja akasaini.

Meneja wetu si mtu wa makelele. Shati lake limepigwa pasi kila siku, na anakuulizia hali ya mama yako kwa jina la ugonjwa wake. Lakini ana mkono wa birika, hata kwa vitu visivyo vyake. "Jumamosi, dada yangu," akamwambia. "Jumamosi gari litalala, fundi atalishughulikia." Jumamosi ikafika, fundi akaongeza mafuta ya breki, basi. Jumatatu mguu ukazama tena, na Karani akaandika tena.

Siku ya tisa aliweka ufunguo kwenye dirisha.

"Hili gari silitoi, Meneja."

Meneja hakugombana naye. Alitikisa kichwa kwa huruma, akamwita Moto, akampa ufunguo uleule. Utingo huenda na gari, haendi na dereva, kwa hiyo nilipanda. Siku hiyo sitaisahau. Mteremko wa sokoni Moto aliushuka akipiga breki kwa mguu kama anayekanyaga cherehani, anacheka, akalipita basi la wanafunzi kwenye kona. Nilirudi jioni shati limelowa mgongoni, nikapitiliza mpaka nyumbani kwa Karani kumweleza. Na kwa kuwa anayeandika kwenye daftari ni anayetoa gari, ukurasa wa siku hiyo una "sawa" moja na mstari mrefu wa Moto. Kwenye karatasi ya mahudhurio, Meneja aliandika kuhusu Karani: hakuripoti kazini.

Mama yake alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwa vidole. Karani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikibaki nyumbani, Moto ataendelea kulitembeza," akasema. "Nikilishika mimi, litakwenda gia ya pili."

Nikamwambia, "Bora wewe." Naliandika neno hilo hapa kwa sababu ni langu, na hakuna aliyewahi kunishtaki kwalo.

Kwa hiyo kesho yake alikuja, akakagua, akaandika kwamba breki zinazama, Meneja akaona, tukatoka. Siku baada ya siku tulikwenda mwendo wa jeneza. Waliokuwa nyuma yetu walitupigia honi, walitutukana, mmoja alimwambia Karani arudi jikoni. Mteremko wa sokoni tuliukwepa kwa kuzunguka nyuma ya kiwanda cha mbao, tukachelewa kila duka. Wenye maduka wakalalamika. Meneja akamwandikia Karani barua ya onyo kwa kuchelewesha mzigo, na chini yake akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo apite barabara kuu. Barabara kuu ndiyo ile yenye mteremko. Alijua, kwa sababu ameishi hapa maisha yake yote.

Tulipita barabara kuu siku mbili salama. Siku ya tatu, asubuhi, tuko katikati ya mteremko, gia ya pili, mguu wa Karani ulikwenda mpaka chini na kanyagio halikurudi.

"Jishike," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeniambia nifunge mlango.

Akavuta breki ya mkono, akalazimisha gia ya kwanza mpaka gari likapiga yowe, akaweka mkono kwenye honi na hakuuondoa. Chini watu walikuwa wanavuka kuelekea sokoni. Pembeni kulikuwa na ukuta wa kiwanda cha mbao, na mbele ya ukuta alikaa fundi viatu, rafiki yetu, aliyekuwa akimwambia Karani kila tukipita kwamba dereva pekupeku anamnyima riziki. Fundi viatu alisikia honi, akainuka, akakimbia. Karani akageuza usukani, akaubandika ubavu wa lori ukutani, tukausugua ule ukuta mpaka tukasimama. Kreti za upande wa pili zikaporomoka barabarani, na zilimkuta fundi viatu kabla hajafika mbali. Mguu ukavunjika mahali pawili. Kwa waliokuwa wanavuka, hakuna aliyeguswa hata ukucha.

Karani alishuka pekupeku kwenye vile vigae vya chupa, akaenda kumshika fundi viatu kichwa. Mpaka tunafika kituo cha polisi miguu yake bado ilikuwa inaacha alama nyekundu sakafuni. Afisa wa usalama barabarani akaanza kuandika maelezo. Karani akanigeukia.

"Nenda bohari," akasema. "Kalete daftari. Kila kitu kimo."

Sikutembea, nilikimbia. Njiani nilikuwa najiambia Meneja akinikatalia nitalinyakua, liwalo na liwe. Hakunikatalia. Alinitazama, akatazama msumari, akasema taratibu, "Lichukue. Ukweli ujulikane." Nikalitungua, nikalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, nikakimbia nalo mpaka kituoni. Nilimkabidhi yule afisa kwa mikono miwili. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akamwita mwenzake. Nikamkonyeza Karani. Nilidhani wanahesabu dhambi za Meneja.

Mashtaka yalipokuja yalikuwa ya kuendesha gari kwa hatari, bila kujali usalama wa watu.

Sasa, pale bohari, ukimuuliza dereva yeyote kuendesha kwa hatari ni nini, atakwambia mbio. Au ulevi. Au kupita magari kwenye kona kama Moto, ambaye alikamatwa mara mbili akaandikiwa faini, akarudi anapiga mluzi. Hakuna aliyefikiri mashtaka hayo yanaweza kumpata mtu wa gia ya pili. Tulicheka. Kweli, siku ile tulicheka, tukasema kesi itaanguka asubuhi moja.

Mwendesha mashtaka hakugusa mwendo hata kidogo. Alisimama, akalinyanyua daftari letu, akasoma. "Tarehe mbili, breki zinazama. Tarehe tatu, breki zinazama, fundi asema kifaa kibadilishwe. Tarehe tano, mguu unafika karibu na chini." Alisoma kurasa zote, mara kumi na sita, kwa sauti nzuri, na kila alipomaliza ukurasa alimtazama Karani. Maneno yale niliyaona yakiandikwa, asubuhi kwa asubuhi, mwandishi amechuchumaa kwenye vumbi. Mle ndani yalisikika kama maungamo.

Nikaitwa mimi. Nilivaa shati la harusi.

"Ulimwona mshtakiwa akiandika haya?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Nilimwona. Na Meneja alikuwa—"

"Jibu ulichoulizwa. Kwa hiyo alijua breki ni mbovu?"

"Alijua. Lakini huyu mama ndiye pekee aliyekuwa anaangalia."

"Asante."

Wakili wa Karani, binti mmoja wa msaada wa bure aliyebeba mafaili ya watu kumi kwapani, akaniuliza kama Karani aliwahi kukataa gari. Nikachangamka. Nikaeleza ya ufunguo dirishani, ya Moto, ya basi la wanafunzi. Mwendesha mashtaka akainuka tena.

"Na kesho yake?"

"Kesho yake alilichukua."

"Kwa hiyo alijua hata kukataa kunawezekana."

Nikaambiwa nishuke. Nilishuka nikiwa nimempa mtu yule kila alichokuja kukitafuta, daftari kwa mikono miwili na ushahidi kwa mdomo wangu, na hasira niliyotoka nayo pale kizimbani bado haijanitoka.

Meneja alipoitwa alikuwa na shati lake la pasi. Alisema neno "Nimeona" maana yake ni kwamba amelipokea daftari. Alisema dereva ndiye mwenye usukani, na siku dereva mwingine alipolikagua gari hilohilo alilikuta sawa, daftari si hilo hapo. Alisema anasikitika sana, na aliulizia hali ya fundi viatu. Fundi viatu alikuwepo, kwa magongo.

"Mguu wangu umevunjika," fundi viatu akaiambia mahakama, "na nina uchungu, sitaki kuficha. Lakini huyu dada alipiga honi tangu juu. Ninachotaka kujua, mwenye gari mbona hajakaa pale alipokaa yeye?"

Akaambiwa ajibu alichoulizwa.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, anayesikiliza na kuandika mwenyewe, siwezi kumsingizia. Siku ya hukumu alieleza polepole, kama anayetaka hata sisi wa benchi la nyuma tuelewe. Alisema kuna dereva ambaye hakuangalia alipopaswa kuangalia. Huyo ameendesha bila uangalifu, na kosa lake ni dogo. Na kuna dereva aliyeiona hatari, akaijua, halafu akaenda nayo barabarani penye watu. Huyo ndiye sheria inamwita asiyejali, hata akienda mwendo wa kobe, hata asipomgusa mtu. Sheria haipimi mwendo peke yake wala majeruhi, alisema, inapima alichokijua dereva alipowasha gari. Na mshtakiwa huyu alijua kuliko dereva yeyote ambaye yeye hakimu amewahi kumsikiliza, kwa sababu aliandika.

Nilielewa kila neno, na hapo ndipo damu iliponichemka. Maana yake, kama Karani angekunywa chai yake na kuvuta mstari mmoja mpaka chini kama Moto, angekuwa mtu wa kosa dogo. Angeandikiwa faini, akarudi anapiga mluzi. Kilichomzamisha ni kuchuchumaa.

Wakili akauliza, na aliyesaini mara kumi na saba, pamoja na ukurasa wa Moto, je? Hakimu akasema mbele yake ameletewa mshtakiwa mmoja, na hawezi kumhukumu asiyeshtakiwa. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi kuhusu wengine unaendelea. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo, na bado unaendelea.

Karani aliulizwa kama ana neno. Alisimama. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu, vyeusi, vipya, na alionekana havijui.

"Nilijua," akasema. "Sikatai. Lakini sikujua peke yangu."

Akakaa. Alipewa kifungo cha miezi sita, ambacho hatakitumikia asipofanya kosa jingine, na leseni yake ikafutwa miaka mitano. Ana miaka hamsini na tatu. Sasa anauza mkaa kwa kopo mbele ya nyumba yake, na binti yake mkubwa ameacha chuo. Nilipokwenda kumwona nilitaka kumwomba radhi kwa kukimbia na lile daftari. Hakuniruhusu nimalize.

"Nilikutuma mimi," akasema. "Nilidhani nikishaandika, nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa namwandikia mtu mmoja, na yeye hataki kujua."

Lile daftari lilibaki mahakamani kama kielelezo. Lori likatengenezwa, kifaa kikabadilishwa kwa nusu siku tu, kumbe kilikuwa dukani muda wote. Meneja akanunua daftari jipya, akalitundika msumari uleule, na madereva wakaanza kulijaza. Nilikuwa nalifungua kila asubuhi. Sawa, sawa, sawa, na mistari mirefu kama mvua. Hata mzee mmoja aliyekuwa akiandika angalau habari za taa aliacha. Nilimuuliza, akanitazama kama niliyemuuliza kama anataka kufungwa.

Mimi nikapangiwa gari la Moto. Jumatatu iliyopita, gari likiwa limeshapakiwa, niliinama kuchungulia uvunguni, ugonjwa alioniambukiza Karani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani. Nikapitisha kidole, nikanusa. Mafuta ya breki. Nikasimama.

"Moto," nikasema, "hili gurudumu la nyuma—"

Akainua mkono haraka. Alikuwa hacheki. Ana mtoto wa miezi miwili, na tangu ile hukumu sijamsikia akipiga mluzi.

"Kaka, nakuomba," akasema kwa sauti ya chini. "Usiniambie. Ukiniambia nitakuwa najua."

Nikatazama huku na huku. Madereva wengine wote walikuwa wamesikia, na wote walikuwa na shughuli. Mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anasoma kibandiko cha tairi. Fundi alikuwa anafuta bisibisi iliyokuwa safi. Dirishani Meneja ameinamia karatasi zake, amejifanya hamnazo. Watu wazima saba, na hakuna aliyekuwa na masikio.

Nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Gari la Moto linavuja mafuta ya breki, gurudumu la nyuma. Moto, umesikia. Wewe wa kiatu, umesikia. Fundi, umesikia." Nikamzungukia kila mmoja kwa kidole, mpaka dirishani. "Na wewe Meneja, umesikia."

Utingo haruhusiwi kuandika kwenye daftari. Nikalitungua, nikaandika tarehe na sentensi nzima, na mwandiko wangu ni mbaya kuliko wa Karani. Chini yake nikaandika majina ya wote waliosimama pale, la kwanza likiwa langu, la mwisho likiwa la Meneja. Nikalisukuma ndani ya dirisha ili asaini.

"Nani kakutuma uandike humu?" Meneja akauliza.

"Soma kwanza."

Alisoma. Alisoma mara ya pili, kalamu iko mkononi na haishuki. Moto akaja nyuma yangu, nikamsikia anavuta pumzi. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya ukurasa.

Meneja akauchukua ufunguo, akainua kichwa, akatazama uwanjani amtafute dereva mwingine wa kumpa. Walikuwepo wanne, na majina yao yote alikuwa ameshayasoma.